Kabla hujatafuta kidonge cha usingizi, zigawe saa zako 168

Mwaka wa pili wa chuo nilikuwa nasoma uhasibu mchana na kuuza mafuta sheli usiku. Mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi nilipata asilimia ndogo, ada haikutosha, na nyumbani hapakuwa na wa kumwomba. Zamu nne kwa wiki, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Gheto langu, chumba cha kupanga, Mbagala, chuo ng'ambo ya jiji.

Aliyewahi kuuza mafuta anaijua ile asubuhi. Unasoma mita ya pampu, unazidisha lita kwa bei, unahesabu noti, unajumlisha malipo ya simu. Ikipelea hata elfu tatu inaitwa shoti, na shoti inakatwa kwenye mshahara wako. Jumatano ya kwanza ya mwezi ndiyo mbaya zaidi: bei mpya za EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, zinaanza usiku wa manane, kwa hiyo mita inasomwa katikati ya zamu, madereva wamepanga foleni wanapiga honi.

Sasa, siku za zamu silali, hilo linaeleweka. Ajabu ilikuwa siku za mapumziko. Najitupa kitandani saa nne usiku nimechoka hoi, macho makavu. Moyo unaanza kudunda mpaka nausikia shingoni. Kichwani inakuja mita: lita 412 mara bei, toa noti, toa za simu, jibu halikubali. Naanza upya. Zile pesa nilishakabidhi asubuhi, na shoti haikuwepo, lakini bado nazidisha. Nikisinzia, saa tisa niko macho tena, natega sikio nisikie adhana ya alfajiri nijue usiku umeisha.

Halafu likaja jinamizi. Naamka, naona dari, nasikia jogoo wa jirani, lakini mkono hauinuki na kifua kimekandamizwa. Shangazi aliniambia nisome Ayatul Kursiy kabla ya kulala. Nimesoma, na naendelea kusoma mpaka leo. Ila baadaye nilikuja kuelewa kwamba mtu anayelala vipande vipande, leo usiku kesho mchana, jinamizi humzoea: akili imeshaamka, mwili bado umefungwa na usingizi wa ndoto. Linatisha, lakini lenyewe haliui.

Nikaenda zahanati. Nikasema moyo unakwenda mbio na mwili hauna nguvu. Nikapimwa malaria na taifodi. Malaria hakuna, taifodi "ipo kidogo", nikatoka na mfuko wa antibayotiki. Simlaumu sana yule mhudumu. Hakuniuliza kama nalala, nami sikumwambia. Kwetu mtu haendi hospitali kusema ana wasiwasi. Husema kichwa kinagonga, moyo unapiga, tumbo linavuruga. Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukikaa mbele ya daktari, anza na usingizi. Sema silali, tangu lini, siku ngapi kwa wiki. Usingoje uulizwe.

Aliyenisaidia ni daktari mwingine, mama mtu mzima. Rafiki yangu ndiye aliyenikokota kwake, wiki mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unapanda kitandani saa ngapi?"

"Silali, mama."

"Sijauliza kama unalala. Nimeuliza kitandani unapanda saa ngapi."

Nikababaika. Inategemea siku. Akageuza karatasi ya maabara, upande mweupe ukawa juu, akanisukumia kalamu. "Si unasoma uhasibu? Wiki ina saa 168. Zigawe."

Nikaandika. Sheli 48. Vipindi vya chuo 24. Daladala na kusubiri daladala 18. Kusoma na asainmenti 20. Kupika, kula, kufua, kuoga 21. Mtoto wa kidato cha pili niliyekuwa namfundisha wikendi, 6. Jumla 137. Zimebaki 31, gawa kwa saba: saa nne na dakika kama ishirini na tano kwa siku.

"Na hapo," akasema, "ni kama ungelala kama gogo, bila kuchati, bila mgeni, bila kwenda msibani. Kijana wa umri wako anahitaji saba mpaka tisa. Hapa hata ugonjwa hatujaufikia. Hapa urari haukubali."

Niliona aibu, mimi niliyekuwa nalilia shoti ya elfu tatu huku nina shoti ya saa ishirini kila wiki.

Ninachotaka uondoke nacho hapa ni kwamba kuna kunyimwa usingizi na kuna kukosa usingizi, na si kitu kimoja. Kunyimwa ni pale nafasi ya kulala haipo. Ukiipata unazimika hata kwenye daladala umesimama. Kukosa ni pale nafasi ipo, kitanda kipo, giza lipo, usingizi haupo. Wa kwanza hatibiwi kwa kidonge, anatibiwa kwa ratiba. Wa pili, kama hali inajirudia usiku tatu au zaidi kwa wiki na imefika miezi mitatu, madaktari huuhesabu kuwa ugonjwa sugu wa kukosa usingizi, na una tiba yake. Wanafunzi wengi wanaofanya kazi tuna vyote viwili, kimoja kimempanda mwenzake mgongoni, na ukitibu kimoja ukaacha kingine utasema dawa haifanyi kazi. Kwangu saa nne zile ndizo zilizoanza, wasiwasi ukafuata, kisha wasiwasi ukazila hata saa nne zenyewe.

Baada ya hesabu ndipo akaanza kunikagua. Presha, mapigo, wingi wa damu, sukari. Akanishika shingo taratibu akaniambia nimeze mate, akanitaka ninyooshe mikono aone kama vidole vinatetemeka. Baadaye nilielewa: tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi hukupa moyo wa mbio, jasho, kukonda na kukosa usingizi, na mtu akaitwa mwoga bure. Upungufu wa damu nao huufanya moyo ukimbie. Akauliza dawa ninazotumia, kama nina pumu (dawa ya kuvuta ya pumu inaweza kutetemesha mikono na kuharakisha moyo), kama nakoroma, kama nakunywa pombe, kama natafuna mirungi. Mirungi hapana. Akauliza vinywaji vya kuongeza nguvu.

"Viwili kwa zamu," nikasema. "Wakati mwingine vitatu."

"Cha mwisho saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

Akatikisa kichwa. Kafeini, saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu yake bado inazunguka mwilini. Yaani nilikuwa natoka sheli kwenda kulala saa mbili asubuhi huku bado niko zamu, kwa damu.

Kisha ikaja karatasi ya maswali saba. Inaitwa GAD-7, ilitungwa Marekani ikachapishwa mwaka 2006, na Kiswahili chake kipo. Inauliza wiki mbili zilizopita ni mara ngapi ulishindwa kuzuia mawazo, ulishindwa kutulia, ulikasirika ovyo, uliogopa kwamba jambo baya litatokea. Kila swali unajipa 0 mpaka 3, jumla ya juu ni 21. Kuanzia 5 ni wasiwasi kidogo, 10 wa kati, 15 mkali. Nilipata 13. Daktari alisisitiza kwamba ile namba ni kipimajoto tu. Inasema homa ipo, haisemi ni ya nini. Kwa hiyo usijipime kwenye simu saa nane usiku, wiki ya mitihani, halafu ukajitangazia ugonjwa.

Alipomaliza aliweka kalamu chini. "Umewahi kutamani usiamke?"

Nilitazama feni. Hakuharakisha, wala hakuhamia swali lingine. Nikasema ndiyo, mara moja moja, asubuhi nikiwa napanda gari. Akauliza kama nimewahi kupanga kujidhuru. Hapana. Akauliza kama ningemwambia mtu endapo lingekuja. Nikamtaja rafiki yangu aliyekuwa benchi la nje, akaitwa ndani, mbele yangu, kwa ruhusa yangu. Nakuandikia hili kwa sababu nililiogopa kuliko sindano, na kumbe lilinishusha mzigo. Kama jibu lako ni ndiyo, na hasa kama umeshafikiria namna, usilale nalo usiku wa leo. Mwambie mtu aliye karibu akae na wewe, mwende hospitali pamoja. Na kama wewe hulali lakini huchoki, unaongea haraka, una mipango mikubwa na pesa inakutoka mkononi, hiyo ni hali tofauti na yangu. Nayo mpelekee daktari, usiitibu kwa ushauri huu.

Nilidhani nitaandikiwa diazepamu, kidonge cha kutuliza na kusinzisha. Hosteli za chuo zimejaa watu wanaoimeza, na wengine Piriton ya mafua, kwa sababu inasinzisha. Alikataa zote mbili. Diazepamu ikizoeleka ndani ya wiki chache kuiacha ni vita, ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi, na Piriton asubuhi inakuachia kichwa cha pamba ukaingie nacho mtihanini. Wapo wanaohitaji dawa kwa muda, lakini hilo liamuliwe na aliyekupima.

Alinipa kazi: daftari, wiki mbili. Niandike nimepanda kitandani saa ngapi, nakisia nimelala saa ngapi, nimeamka mara ngapi, nimekunywa nini na lini, zamu au mapumziko. Nililijaza kama kitabu cha mita. Siku ya kumi likaonyesha nisichokijua: usiku mbaya kuliko wote haukuwa wa kabla ya mtihani. Ulikuwa usiku wa kabla ya kwenda zamu.

Kilichofuata hakikuwa kizuri kusimulia. Niliomba zamu mbili badala ya nne, zifuatane, mshahara ukapungua nusu, nikahamia kula mara mbili kwa siku kwa miezi kadhaa. Mlezi wa wanafunzi alinisaidia kulipa ada kwa awamu. Sikujua hata kama inawezekana, na ningeuliza mwaka mzima nyuma. Somo la takwimu nililiacha lianguke.

Sheria ya kitanda ndiyo ilinichekesha. Daktari alisema kitanda ni cha kulala tu, na kama dakika ishirini hivi zimepita hujalala, toka, kaa pengine, rudi ukisinzia. Mama, nikamwambia, gheto langu ni futi kumi kwa kumi. Kitanda ndicho meza, ndicho kiti, ndicho kabati la sufuria. Nitoke niende wapi? Akasema nunua kiti. Nikanunua kiti cha plastiki, nikakiweka mlangoni. Usiku wa kwanza nimekaa pale gizani kimya, mama mwenye nyumba akatoka kwenda chooni, akapiga yowe mpaka wapangaji wote wakaamka. Kwa wiki nzima niliitwa mwanga. Lakini kitanda nacho kikaanza kusahau hesabu za mafuta. Jambo jingine lilikuwa kuamka saa ileile kila siku isiyo ya zamu, hata kama nimelala kwa saa mbili tu. Hilo ndilo gumu kuliko yote na ndilo lililofanya kazi, ilichukua kama wiki tatu.

Niliporudi kwake baada ya miezi miwili, karatasi ya maswali saba ilisoma 6. Saa tisa usiku bado naamka siku nyingine, hasa Jumatano ya kwanza ya mwezi, ingawa sheli niliiacha zamani. Takwimu niliirudia Septemba, nikapata C.