Picha ina bakgraundi ya bluu, mteja anataka nyeupe

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nna steshenari ndogo hapa Tanga, napiga paspoti saizi, ukutani nimetundika kitambaa cha bluu maana ndo wengi wanaitaka. Sasa watu wanarudi na softi kopi ileile wanataka niibadilishe iwe nyeupe, wengine maombi ya kazi, wengine chuo. Natumia GIMP, ile programu ya kuhariri picha. Nikimkata mtu nikamweka kwenye nyeupe, nywele zinatoka kama zimenyolewa na pembeni unabaki mstari wa bluu, hasa kwa wadada wenye afro. Nifanyeje? Na kuna mmoja anataka ya viza ya Marekani, nimfanyie? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye kukata ndo penye tatizo. Afro huwezi kuifuata kingo zake hata ukeshe, kwa sababu nywele za pembeni ni nyembamba mno, rangi yake na bluu ya kitambaa zimechanganyika ndani ya pikseli (kitone kidogo cha picha) ileile moja, ukiichukua inakuja na bluu yake, ukiiacha umemnyoa mteja. Kwa hiyo usimkate kabisa. Iondoe rangi ya kitambaa, mtu abaki palepale alipo.

Fungua picha kwenye GIMP, kwanza dupliketi leya, yaani tengeneza nakala ya picha ikae juu ya ile ya kwanza, ile ya chini usiiguse. Ukiwa kwenye leya ya juu nenda menyu ya Colors, chagua Hue-Saturation. Utaona duara la rangi lina herufi R, Y, G, C, B na M. Bonyeza B, yaani bluu, shusha Saturation (ukolezi wa rangi) mpaka mwisho kisha pandisha Lightness (weupe). Halafu bonyeza C, yaani bluu ya kijani, ufanye hivyohivyo, maana bluu yetu ile ya studio ni ya mwanga, nusu yake inaangukia huko kwenye C. Ongeza na Overlap kidogo ili rangi zisiachane kwa ghafla. Na hapa uwe makini sana: fanya B na C zote kabla hujabonyeza OK, kwa sababu ukishakubali kitambaa kinakuwa kijivu, na kijivu hakina rangi, ukirudi mara ya pili programu haikioni tena, ukivuta B utavuta bure.

Ngozi ya mtu iko kwenye nyekundu na njano, kwa hiyo kwa kawaida haiguswi, na nywele nyeusi zinabaki zote mpaka zile ndogondogo za juu ya sikio.

Ila angalia mashavu na shingo. Ngozi yetu ikiwa na mafuta inang'aa, na pale inapong'aa inashika bluu ya kitambaa, sasa ukiondoa bluu pale panatoka pamepauka, mteja anaonekana kama hajapaka mafuta mwezi mzima, na wengi wanaiprinti hivyohivyo, kwangu mimi hiyo ni kumkosea heshima mtu aliyelipa hela yake. Weka leya maski nyeupe (kifuniko kinachoamua sehemu gani ya leya ionekane) kwenye ile leya ya juu, chukua brashi laini ya rangi nyeusi, paka juu ya uso na shingo, rangi yake halisi itarudi kutoka leya ya chini. Shati la bluu, mtandio wa bluu, dawa ni hiyohiyo.

Kona zikibaki na kijivu, rudi kwenye leya yenyewe, si maski, paka nyeupe mbali na kichwa. Karibu na nywele tumia Dodge, brashi ya kung'arisha, ukiiweka kwenye Highlights (sehemu zenye mwanga), inang'arisha palipo peupe katikati ya nywele bila kuzifuta nywele zenyewe. Na mteja aliyevaa shati jeupe usimpeleke kwenye nyeupe ya mwisho, kola itapotea, acha kijivu cha mbali sana.

Kuhusu wa viza, mimi nakuomba usimfanyie. Masharti yao yanakataza picha iliyochezewa kwa kompyuta kubadili muonekano, na wewe ukikosea ukingo tu umeshambadilisha umbo la kichwa, hasara ni yake si yako. Mpige upya. Tundika shuka jeupe lililopigwa pasi, asimame hatua moja au mbili mbele yake ili kivuli kisiangukie nyuma, avue miwani, picha iwe mraba wa inchi 2 kwa 2. Ya kupakia mtandaoni iwe JPEG, pikseli kuanzia 600 kwa 600 mpaka 1200 kwa 1200, isizidi kilobaiti 240. Na kama picha ina zaidi ya miezi 6 hata ingekuwa nyeupe tayari hawaitaki. Hilo shuka liache hapohapo kwenye kona ya studio, kila mteja muulize kabla hujabonyeza kamera anaipeleka wapi picha yake.