Giligilani kwenye kopo

Swali: Naishi ghorofani, sina hata upenyo wa bustani. Nimepanda giligilani kwenye kopo mara mbili. Inaota michache, kisha inalala na kufa. Nakosea wapi?

Jibu: Pole, dada. Mimi niliua makopo matatu kwa huruma ya maji. Miche kulegea shingoni ni kazi ya ukungu, na ukungu hupenda udongo uliolowa. Toboa kopo chini. Chomeka kidole, kikitoka kikavu ndipo umwagilie. Kila punje ina mbegu mbili: ipasue kwa kubingirisha chupa juu yake, iloweke usiku kucha, ifukie sentimita 1. Usiihamishe, mzizi wake mrefu hukasirika.