Memori kadi kubwa haiongezi RAM: niliyoyaona kwenye PS2 na Nintendo 64

Mkuu, umeuliza kama ukitoa memori kadi ya MB 8 kwenye PS2 (PlayStation 2) yako na kuweka ya MB 128, gemu zitaacha kukwamakwama. Hazitaacha. Nimeendesha kibanda cha gemu Morogoro miaka sita, na wateja wengi walikuwa na imani hiyohiyo, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu.

Memori kadi ni daftari: unaandika ulipofikia, unafunga. RAM ndiyo meza ambayo gemu linafanyia kazi. Ukinunua daftari nene, meza haipanuki. PS2 ina RAM ya MB 32, na chipu yake ya picha ina MB 4 za peke yake. Zote zimelehemiwa tangu kiwandani, wala hakuna tundu la kuongezea.

Konsoli (mashine ya gemu) niliyowahi kuiongezea RAM kwa mikono yangu ni Nintendo 64. Ilitoka mwaka 1996 ikiwa na MB 4, na watengenezaji waliacha nafasi sehemu ya mbele, chini ya kifuniko kidogo. Mwaka 1998 wakatoa Expansion Pak yenye MB 4 nyingine, jumla zikawa 8.

Ya kwangu kaka aliniletea kutoka Marekani (nikaitafutia kwanza stepdauni ya kushusha umeme, maana adapta yake ni ya volti 120). Expansion Pak ilikuja baadaye, imetumika, bila kile kidude cha kung'olea. Nikafungua kifuniko, nikakuta ndani kuna kipande kimekaa palepale, kinaitwa Jumper Pak. Nikakinyanyua taratibu kwa bisibisi bapa, huku na huku, mpaka kikatoka. Kabla sijaweka kipya nikataka kujaribu: nikawasha. Taa nyekundu ikawaka, runinga ikabaki nyeusi tii. Jasho likanitoka, nikajua nimeshaua mashine. Kumbe Jumper Pak haina memori yoyote, kazi yake ni kufunga mwisho wa njia ya umeme ya RAM. Ikitolewa bila kitu kingine kuwekwa, njia inabaki wazi na mashine haiamki. Nilipochomeka Expansion Pak, ile yenye kichwa chekundu, nikaisukuma mpaka ikakaa sawasawa, picha ikarudi.

Sasa sikia kilichofuata. Super Mario 64 haikubadilika hata chembe, kwa sababu iliandikwa mwaka 1996 kwa ajili ya MB 4, haijui kama kuna nyingine. Donkey Kong 64 na Majora's Mask ni kinyume, bila Expansion Pak hazichezeki kabisa. Perfect Dark inafunguka, lakini misheni zake zote zinabaki zimefungwa. Kwa hiyo RAM ya ziada inasaidia pale tu mwandishi wa gemu alipoipangia kazi.

Na hata akiipangia, usitegemee kasi. Piga hesabu ya picha. Picha ya nukta 320 kwa 240, kila nukta baiti 2, inakula baiti 153,600. Ukipanda hadi 640 kwa 480 ni baiti 614,400. Gemu linahitaji picha mbili, moja inaonyeshwa wakati nyingine inachorwa, pamoja na ramani ya kina (inayoonyesha kipi kiko mbele na kipi nyuma) inayokula kiasi cha picha moja. Hapo umeshamaliza baiti 1,843,200, karibu nusu ya MB 4, na bado hujaweka sauti wala mhusika. Expansion Pak inakupa pa kuziweka hizo nukta, ila chipu ya kuzichora ni ileile. Ndiyo maana Perfect Dark ukiiweka kwenye picha kali inakuwa nzito zaidi. Niliiacha kwenye picha ya kawaida.

Halafu kuna zile kuta na nyasi za N64 (Nintendo 64) kuonekana hafifu, jambo linalolalamikiwa kila siku. Chipu ya picha ina kihifadhi cha KB 4 tu cha michoro inayobandikwa juu ya vitu hivyo. Mchoro wa 64 kwa 32 wenye rangi za biti 16 unakijaza chote. Hata ungeongeza RAM mara kumi, kihifadhi hicho kiko ndani ya chipu, hakiguswi.

Turudi kwako. Kama PS2 inakwama wakati wa kupakia, safisha lenzi kwanza. Kibandani kwangu hilo ndilo lilikuwa tatizo mara nyingi. Kama inalegea uwanjani wachezaji wakijazana golini, huo ni uwezo wa mashine, hakuna dawa. Hiyo kadi ya MB 128 usiiamini peke yake: niliyoinunua mimi ilifuta ligi nzima ya mteja, nikarudi kwenye MB 8.

Angalia namba ya modeli nyuma ya mashine uniambie. Ikiwa ni ile nene, 30000 au 50000, ina nafasi ya kuweka hard disk, na gemu likisomwa kutoka humo linapakia haraka kuliko kwenye CD au DVD. Ikiwa ni nyembamba, kuanzia 70000, nafasi hiyo haipo, anza na lenzi.