Kucha nyeusi baada ya kushuka Kahuzi

Dada, nimekuelewa: kupanda Kahuzi, ule mlima wa mashariki mwa Kongo karibu na mji wa Bukavu, hukuumia, ila ulipofika chini kucha mbili zilikuwa nyeusi, na unataka kurudi mwezi ujao. Pole. Mimi mteremko ule niliumaliza kinyumenyume kama kaa, huku mbeba mizigo mwenye bote (viatu vya mpira) akinipita anapiga mluzi.

Ukishuka, mguu unateleza mbele na vidole vinagonga kiatu. Kata kucha, kaza kamba kifundoni kabla ya kushuka, shika fimbo. Viatu vipya vizoeshe kwanza kwenye vilima vya Bukavu, havikosekani! Kucha ikitoa usaha, nenda kituo cha afya. Kule juu, mita 3,308, kichwa kikiuma na ukitapika, shuka mara moja. Na kabla ya yote, waulize walinzi wa mbuga kama njia ni salama.