Mount Shengena imezunguka mezani kwangu: kwa wanaotaka kutengeneza treni ya mvuke

Jumamosi iliyopita saa nne usiku kichwa changu cha treni ya modeli, aina ya mvuke inayoitwa Garratt, kimezunguka meza nzima mara sita kikivuta mabehewa kumi na moja na hakikutoka nje ya reli hata mara moja. Mke wangu alishalala, nikamwamsha aje aone. Kazi hii imenichukua miaka mitatu na miezi kadhaa kwa hiyo leo nitajisifu na mniache nijisifu.

Asubuhi yake nakuta meseji ya kijana mmoja yuko Morogoro: "Shikamoo kaka, nimeona picha za treni yako, na mimi nataka kutengeneza kichwa cha mvuke, nianzie wapi?" Marahaba mdogo wangu. Nilianza kukujibu hukohuko nikaona jibu linarefuka, bora niliweke hapa maana najua mko wengi mnaotaka hiki kitu ila mnaogopa kuonekana watoto.

Mimi ni Mpare wa Same. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi reli pale Voi enzi za shirika la pamoja la Afrika Mashariki, kabla jumuiya haijavunjika 1977, na alikuwa anatuambia kuna kichwa cha treni kinaitwa Mount Shengena, jina la mlima wetu, sisi tukaona ni maneno ya wazee tu. 2019 nikaenda Nairobi kwenye harusi, nikachomoka nusu siku nikaingia makumbusho ya reli, na hicho hapo. Namba 5930, rangi ya damu ya mzee, kibao ubavuni kimeandikwa Mount Shengena. Babu alishafariki. Nilishika chuma kile nikalia, wala sioni aibu kusema.

Kwa wasiojua, hizi ni klasi 59, zilitengenezwa 34 tu na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kati ya 1955 na 1956, kila kimoja kikapewa jina la mlima wa kwetu huku. Kina uzito wa tani 252 hivi na kwenye reli ya mita moja (ndio upana kati ya chuma na chuma) dunia nzima hakijawahi kutengenezwa kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hiki. Kilikuwa kinatoka Mombasa usawa wa bahari kinapandisha mzigo wa tani 1,200 mpaka Nairobi, kwa mafuta mazito, sio makaa. Na pembeni ya Shengena pale makumbusho yupo mwenzake 5918, Mount Gelai, Gelai ile ile ya kule Ziwa Natron. Milima miwili ya Tanzania imesimama Nairobi na Watanzania wengi hawajui!

Nikarudi Dar nimewaka moto. Na hapa ndipo nilipokosea, mdogo wangu, soma taratibu.

Mimi nilianza na sura. Nilichukua kipimo cha moja kwa 87, kichwa cha karibu mita 32 kikawa sentimita 36, boila nikatumia bomba la maji la robo tatu inchi maana unene wake unakaribia sana, matenki ya maji nikakata bati la makopo, ngazi na reli za kushikia nikatumia waya wa shaba nikachomelea kwa risasi. Kilipendeza sana. Nikakibeba kwenye maonyesho fulani hapa mjini, nikatandika reli yangu mbele ya watu, nikawasha umeme, kikaenda sentimita arobaini, kikafika kwenye kona, magurudumu ya mbele yakapanda juu ya reli, kikalala ubavu. Nikakirudisha, kikalala tena. Bwana mmoja kati ya walioandaa akasema kwa sauti watu wakisikia, "Sasa hivi tuna SGR ya umeme, hivi vidude vya moshi vya nini, ungetengeneza kitu cha maana." Watoto wakacheka. Nikafunga boksi nikaondoka saa nne asubuhi na maonyesho yalikuwa mpaka jioni. Mpaka leo nikipita barabara ile naikumbuka sauti yake.

Lakini kosa lilikuwa langu na nililijua wiki mbili baadaye. Garratt sio injini moja. Ni injini mbili, moja mbele moja nyuma, kila moja na silinda zake mbili na magurudumu yake, halafu boila limelazwa kwenye fremu iliyoegemea injini zote mbili kama daraja. Kila injini inageuka peke yake kwenye egemeo lake, hicho ndicho Mwingereza aliyeibuni, Herbert Garratt, alichokisajili 1907, na ndio maana jitu refu vile linakata kona za milimani, na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila linaweza kunenepa na jiko likawa pana. Mimi nilikuwa nimegandisha maegemeo yote mawili kwa gundi ili kionekane kimenyooka! Yaani niliiga umbo nikaua wazo lenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, jua mashine ilitengenezwa vile kwa nini kabla hujakata bati. Wa pili, anza na njia, sio kichwa. Tandika reli, tengeneza kona, sukuma behewa tupu kwa kidole mara hamsini, likitoka nje rekebisha njia. Reli yenye upana wa milimita 12, yaani ile ya mita moja ikipunguzwa kwa kipimo cha 87, inapatikana kwa sababu Waswisi wana treni zao za milimani za mita moja na wanazitengenezea modeli kwa kipimo hiki hiki, mimi binamu yangu aliyeko Ujerumani aliniletea za mitumba. Tatu ni uzito, kichwa chepesi hakivuti, mimi niliweka risasi za nyavu nilizonunua kwa wavuvi pale Feri, nikazipanga juu ya magurudumu ya kuvuta, injini zote mbili sawasawa. Mota ya volti 12 unaitoa kwenye printa mbovu kwa fundi yeyote. Na nne narudia tena, anza na njia.

Magurudumu yalinila mwaka mzima, siwachoshi nayo.

Vijana wa siku hizi mnataka kupiga picha mpost kabla kitu hakijatembea. Mimi nilikuwa hivyo hivyo ndio maana nasema kwa uchungu. Kitu kinachotembea kikiwa hakina rangi ni bora kuliko kizuri kinacholala ubavu mbele ya watu, na wazee wetu waliofanya kazi reli walilijua hili, babu alikuwa anasema treni haisifiwi stesheni, inasifiwa ikishafika. Na wakikwambia ni mambo ya watoto usibishane nao. Mimi sikumjibu yule bwana, nilirudi nyumbani nikayang'oa yale maegemeo kwa tupa na msumeno.

Sasa mdogo wangu wa Morogoro, hiyo hela uliyonitajia inatosha reli za urefu wa mita mbili, mota na risasi, kichwa kiache kwanza. Likizo ya Desemba narudi Nairobi na futi kamba kuipima Gelai upande wa chini ambao picha hazionyeshi. Kama una hati ya kusafiria niandikie mapema, tutapanda basi moja, utanishikia upande wa pili wa futi.