Maswali na majibu: mnataka umilele au mnataka ujana?

Je, kuna kiumbe asiyekufa?
Kuna yavuyavu aitwaye Turritopsis dohrnii. Akijeruhiwa au akikosa chakula, hurudi utotoni na kuanza upya. Samaki humla vilevile. Kutozeeka si kutokufa. Nimelisema hili hapa mara ngapi?

Nimeuziwa vidonge vya kurefusha maisha. Nimeze?
Hapana. Anayefaidi ni muuzaji, na ukimtazama, naye anaota mvi.

Kwa nini seli zetu zisiachwe zigawanyike bila kikomo, tukaishi milele?
Kwa sababu seli za namna hiyo zipo tayari, na sisi huziita saratani. Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kwamba seli ya kawaida ya binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Wengi mnaiona breki hiyo kuwa kasoro. Basi mkumbukeni Henrietta Lacks. Mwaka 1951, huko Baltimore, madaktari walikata kipande cha uvimbe kwenye mlango wake wa kizazi bila kumwomba ridhaa. Oktoba mwaka huohuo alifariki, ana miaka 31, ameacha watoto watano. Zile seli hazijafa hadi leo. Zimo kwenye vichupa vya maabara duniani kote, zinazaliana tu. Umilele ulikuwa ndani ya mwili wake, nao ndio uliomuua.

Yule bibi wa Ufaransa aliyefika miaka 122 alikuwa akila nini?
Jeanne Calment, aliyefariki 1997. Kila mtu huuliza alikula nini. Sigara alivuta kwa miongo mingi. Mtaiga na hilo? Ulizeni basi aliishije mwishoni: macho karibu yamezima, masikio mazito, kwenye kiti cha magurudumu. Binti yake wa pekee na mjukuu wake wa pekee aliwazika yeye.

Dawa ya kutokufa ikipatikana, kuna hatari gani?
Nani ataipata kwanza? Si wewe wala mimi. Wapo watawala wasioondoka kwa kura wala kwa aibu. Kinachowaondoa ni jeneza. Fikiria pia bosi wako hastaafu kamwe, nawe unasubiri kiti chake mwaka wa 200.

Na wewe ukipewa, utakataa?
Miaka 500 kwa magoti haya niliyo nayo, baki nayo. Ikija na magoti ya miaka 20, nipigie simu.