Panadol ya maji kwa mtoto: angalia kilo na chupa, achana na kijiko

Dada umeuliza mtoto wako wa mwaka na nusu, kilo 10, anachemka tangu jioni, umempa panadol ya maji kijiko kimoja na homa haijashuka, je uongeze au umchanganyie na ibuprofen (brufen), dawa nyingine ya homa na maumivu. Kabla ya yote kashike hiyo chupa usome imeandikwa mg ngapi kwenye 5ml.

Mimi nimeuza duka la dawa muhimu Morogoro na wanangu nimewalea humo humo, na nakwambia wazazi wengi wanauliza "mtoto wa mwaka anapewa vijiko vingapi" wakati umri hausaidii sana, kinachotakiwa ni kilo, na kilo zipo kwenye kadi ya kliniki. Paracetamol, ndo dawa yenyewe iliyomo kwenye panadol, ni 10 mpaka 15mg kwa kila kilo kwa dozi moja, kwa hiyo wako ni 100 mpaka 150mg. Chupa nyingi ni za 120mg kwenye 5ml, hapo 5ml inamtosha. Ila zipo za 250mg kwenye 5ml za watoto wakubwa, mtu anachukua ya kaka mtu anampa mdogo kijiko kile kile, tayari mara mbili ya dozi, na akirudia rudia usiku kucha ini ndo linaumia na siku ya kwanza mtoto unaweza usimwone na shida yoyote.

Halafu hicho kijiko chenyewe, cha chai cha nani? Vya nyumbani havilingani kabisa. Nunua sirinji ya 5ml, sindano tupa, mpe taratibu pembeni ya shavu asipaliwe.

Kuongeza sasa hivi hapana. Subiri masaa 4 hadi 6 tangu ulipompa, na isizidi mara 4 ndani ya masaa 24. Dawa inachukua muda kama saa moja hivi, na lengo ni apate nafuu anyonye, anywe maji, sio lazima joto lirudi kawaida. Akiwa na 38 na anacheza muache acheze jamani.

Kitu nilichokuwa nakiona sana dukani ni mama kampa panadol, bibi naye kampa dawa ya mafua ya maji, hakuna anayejua kwamba nyingi za mafua zina paracetamol humo humo ndani. Soma boksi, na muda wa dozi andika kwenye simu ili kila mtu nyumbani aone.

Ibuprofen mi nisingeanza nayo. Chini ya miezi 3 hapewi, anayetapika au kuharisha sana figo zinaweza kupata shida, na kama uko Dar unakumbuka dengue ya 2019, homa ya dengue na ibuprofen au diklofenaki (dawa ya maumivu ya watu wazima) haviendani, damu inaweza kuvuja. Kumvunjia mtoto kipande cha diklofenaki ya baba yake ndo usithubutu. Aspirini nayo mtoto hapewi bila daktari.

Na kesho asubuhi mpeleke akapimwe malaria hata kama homa imeshuka, panadol inashusha joto tu, vijidudu inaviacha pale pale. Ila usisubiri asubuhi kama amepata degedege, analegea na haamki, anapumua kwa shida, hanyonyi au anatapika kila kitu, ondoka usiku huo huo. Wale wenye vichanga chini ya miezi 3 mnaosoma hapa, kikifika 38 msitafute dozi kwangu, nendeni hospitali moja kwa moja.

Chupa yako ikiwa imefutika maandishi, itupe, nyingine sio bei kubwa.